Kompyuta Iliyokula Majina

Kila maji ya bahari yanapokupwa jioni, Yusra akishavua sare za shule hujifunga leso kiunoni na kumfuata mamake ufuoni, kufunga miche ya mwani kwenye kamba. Alikuwa Gredi ya Saba, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa kuchoka. Ijumaa hiyo hata kamba ya pili hakuimaliza. Aliomba ruhusa ya kutangulia nyumbani, akapewa.

Nyumbani kulikuwa na kompyuta. Ilikuwa mali ya kikundi cha akina mama wakulima wa mwani wa Kibuyuni, nayo iliwekwa sebuleni kwao kwa sababu mamake, Bi Mwanarusi, ndiye katibu. Yusra aliruhusiwa kuitumia kwa sharti moja tu: anawe kwanza kwa maji ya kisima. Lakini pipa la maji lilikuwa nyuma ya jiko, na mchezo wa magari ulikuwa hapo hapo mbele ya macho. Akaketi akacheza. Vidole vilikuwa vimeloa, maji ya chumvi yakadondokea kibodi. Alipoona matone akayapangusa kwa pindo la leso, leso yenyewe ikiwa imelowa chapachapa. Kisha akaizima kompyuta, akaenda zake.

Jumamosi asubuhi Bi Mwanarusi alifungua orodha yake kwenye kompyuta hiyo. Yalikuwa majina thelathini na mawili ya wanakikundi waliotaka kufunzwa kutengeneza sabuni ya mwani. Ilitakiwa ifike kwa wakufunzi kabla ya saa sita mchana siku hiyo. Ikichelewa, nafasi ingepewa kikundi kingine.

"Yallah! Bi Mercy yuwapi?" alimaka ghafla.

Jina la Bi Mercy, la mwisho kwenye orodha, lilikuwa likitoweka herufi baada ya herufi. Likafuata la juu yake, na la juu yake tena. Kompyuta ilikuwa ikiwatafuna akina mama mmoja mmoja, na hakuna aliyeigusa!

"Hicho ni kijicho," alisema nyanya yake Yusra kutoka mkekani. "Juzi wamekuja watu hapa wakaisifu weee, hata mmoja hakusema mashallah."

Majina kumi yalikuwa yamekwisha kuliwa Bi Mwanarusi alipochomoa waya ukutani. Akampigia simu Samuel, fundi wa simu na kompyuta pale Shimoni, kijana wa bara ambaye hakuwa na makuu. Haikupita nusu saa, pikipiki yake ikanguruma mlangoni.

"Shikamoo," Yusra alimwamkia.

"Fiti... aah, marahaba!" Samuel alijibu, na nyanya akacheka hadi akakohoa.

Fundi aliwasha kompyuta, akafungua ukurasa mtupu, akaandika maneno mawili. Yakaliwa papo hapo. Akakuna kichwa.

"Kuna mtu amemwagia hii kibodi kitu? Maji, chai, soda?"

"Mimi hata kikombe sisogezi hapo," alisema Bi Mwanarusi. "Yusra, je?"

"Hapana," Yusra alijibu haraka. Moyoni alijitetea kwamba hakumwaga, yalidondoka tu. Hata hivyo masikio yalimwaka moto.

"Basi hizo ni virusi, Mama Yusra. Dawa ni kufuta kila kitu, tuanze upya."

"Na orodha yangu?"

"Itafutika pia, mama. Ningeitoa na flashi, lakini nikichomeka hapa itaambukizwa, na kesho niharibu mashine za watu. Hukuandika mahali pengine?"

"Karatasi nimewashia jiko jana," alisema Bi Mwanarusi kwa sauti ndogo.

Yusra alimtazama, na roho ikamuuma. Wiki mbili mamake alizunguka nyumba kwa nyumba akikusanya majina, kisha usiku akayaandika kwa vidole viwili. Shule aliishia darasa la nane, na walikuwepo walionong'ona kwamba ukatibu ungefaa kupewa aliyesoma zaidi. Leo wangepata la kusema.

"Haya, futa," alisema Bi Mwanarusi.

Samuel akashika kipanya.

"Usifute!" Yusra alipiga kelele. "Mama, ni mimi. Jana nilicheza kabla ya kunawa. Mikono ilikuwa na maji ya bahari, yakadondoka kwenye kibodi. Nimesema uwongo, mama. Naomba radhi."

Samuel aliachia kipanya, akashusha pumzi. "Si ungesema mapema, siz!" Akainama nyuma ya kompyuta, akachomoa waya wa kibodi. Kisha, kwa kutumia kipanya peke yake, akafungua orodha.

Wote walisogea, hata nyanya. Walisubiri. Hakuna herufi iliyotoweka. Majina yote thelathini na mawili yalikuwapo, maana yale ya asubuhi yalifutwa kwenye skrini tu, waya ukachomolewa kabla mabadiliko hayo hayajahifadhiwa.

"Hakuna virusi hapa," alisema Samuel, akibandua kitufe cha kufuta. Chini yake palikuwa na chumvi iliyokauka na unyuzi wa mwani. "Kimenata. Mashine inadhani kuna mtu amekikandamiza saa zote."

Alinakili orodha kwenye flashi, akapanda pikipiki. Saa nne na nusu alipiga simu kutoka Shimoni: orodha imetumwa, na jibu la kuipokea limekuja. Bi Mwanarusi alipiga kigelegele kilichosikika nyumba ya tatu.

Mchana kutwa Yusra alisafisha kibodi kwa pamba na spiriti, kitufe kimoja baada ya kingine, huku mamake akisimamia.

"Mama, bado una hasira nami?"

"Ya mikono nimekwisha kusamehe," alisema Bi Mwanarusi. "Chumvi husafishwa, kama ufanyavyo sasa. Lakini sikiliza, mwanangu. Fundi hutibu anachoambiwa. Kibodi ilifuta majina kumi, tukayapata. 'Hapana' yako ilibaki kidogo ifute yote, na hayo tusingeyapata tena. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama utaona haya."

"Nimesikia, mama," alisema Yusra, na safari hii hakuinamisha macho.