Figo ya Zaina Jangwani

Gari liligonga jiwe lililokuwa limefunikwa na mchanga, likaruka, likatua kwa kishindo. Kabla vumbi halijatulia, Zaina alikuwa ameshamshika kaka yake ubavuni kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia mzigo usianguke.

"Niachilie," Tariki alisema. "Iko fasi yake."

"Haikuumi?"

"Weye ndiye unaniumiza, na hayo makucha yako."

Banwari, dereva wao, alishuka, akajilaza chini ya gari, akatoka na mkono mweusi hadi kiwiko. Jiwe lilikuwa limetoboa chini ya injini na oili yote inamwagika mchangani. Kuhusu hilo hapakuhitajika mkalimani. Injini bila oili haiendi popote, iwe India au Uvira.

Iliyokuwa fasi yake, yaani mahali pake, ni figo, na figo hiyo ilikuwa ya Zaina. Za Tariki zilikufa zote mbili huko nyumbani Uvira, mtaa wa Kasenga, alikokuwa na duka la vitambaa. Ndugu wakapimwa mmoja mmoja, damu iliyokubali ikawa ya mdogo wake, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye alikuwa hajawahi hata kulazwa. Wakapelekwa Delhi. Daktari alimtoa moja, akampandikiza kaka, akawakalisha pale miezi mpaka aliporidhika. Alipowaruhusu kurudi kwao aliwapa sheria moja juu ya dawa zote, nayo ni maji. Asubuhi, mchana na jioni, kiu iwepo isiwepo. Figo ya kupandikizwa ikikauka inakufa, na katika ukoo huo hapakuwa na nyingine iliyokubali.

Sasa, mtu aliyeponea hapo si apande ndege arudi kwake? Siyo Tariki. Mbele ya kitanda chake cha hospitali kulikuwa na kalenda yenye picha ya ngome ya Jaisalmer, njano juu ya mchanga wa njano, na kila alipotapika alikuwa akiitazama ile picha na kuapa kwamba akitoka mzima ataiona kwa macho yake. Zaina alikataa, akanuna, akaishia kufunga mizigo. Walishaona ngome ya Jodhpur iliyokaa juu ya mwamba, na hekalu ambapo nyani alimpokonya Zaina ndizi akiwa ameshaimenya. Kufikia hapo safari ilikuwa tamu, hata Zaina alikiri.

Kisha wakakuta barabara kuu imefurika mahujaji. Ilikuwa sikukuu ya hekalu moja la huko, na watu kwa maelfu walikuwa wanaiendea kwa miguu, wengine peku juu ya lami ya moto, bendera za rangi begani, trekta zimebeba spika zinazolia nyimbo, na kando ya njia mahema ya kugawa maji bure. Gari lilikwenda kwa mwendo wa mbuzi. Tariki akachoka. "Mwambie atafute njia ingine," alimwamuru Zaina. Banwari alitikisa kichwa, akaeleza, akatikisa kichwa tena, na mwisho akakata kushoto kwa sababu mteja ndiye mteja. Hivyo ndivyo walivyolipata lile jiwe.

Simu hazikuwa na mtandao. Banwari alionyesha kichaka cha mbali, akaonyesha miguu yake, akasema na Zaina kwa Kiingereza. Kiingereza cha Zaina kilikuwa cha hospitali, maneno ya maumivu, dawa na choo, lakini hapa kilitosha.

"Anasema kuna kijiji. Anaenda kuleta watu. Sisi tubaki mu gari, kwenye kivuli, tusitoke."

Aliwaachia chupa zote za maji isipokuwa moja ndogo, akaondoka. Tariki alimtazama mpaka alipopotea.

"Ameenda kuita wenzake," alisema.

"Ndiyo. Ndivyo amesema."

"Zaina, weye hujui kitu. Wenzake!"

Hapo lazima tumwelewe Tariki kidogo, ingawa baadaye tutamcheka. Mtu aliyekulia Uvira anaijua barabara ya bondeni, ile ya kwenda Bukavu. Miaka iliyopita lori alilopanda liliharibika kati ya Mutarule na Luvungi. Dereva alisema anaenda kutafuta fundi. Waliobaki ndani ya lori walipigwa na kuvuliwa hadi viatu. Waliojificha kwenye mihogo walifika nyumbani na viatu vyao, na Tariki alikuwa mmojawapo. Tangu siku hiyo alikuwa na kanuni yake, kwamba gari likifia mahali pasipo na watu, usilikalie.

"Huku haiko Luvungi, yaya," Zaina alisema. Alimwita yaya kwa kuwa alikuwa mkubwa wake, na kwa kuwa alikuwa mkubwa wake alishindwa kumkatalia. Tariki alibeba mfuko wa paspoti. Zaina alibeba dawa na chupa moja kubwa, akidhani wanakwenda hatua chache tu. Nyingine zilibaki kwenye kiti cha nyuma.

Walilala nyuma ya kituta cha mchanga, chini ya kichaka cha miiba ambacho kivuli chake kilikuwa na matundu kama chujio. Jua lilipanda. Ikasikika pikipiki.

Walikuja wanaume wawili, nyuso zimezungushiwa vitambaa hadi machoni. Tariki alimkandamiza dada yake chini. Wanaume walilizunguka gari, wakachungulia ndani, wakapiga kelele kwa mikono mdomoni, mmoja huku, mmoja kule. Zaina aliinua kichwa na kuona kilichofungwa nyuma ya pikipiki, dumu kubwa la plastiki.

"Yaya, ile iko bidoni ya maji."

"Lala!"

"Mwizi gani anayekuya na bidoni ya maji?"

"Mwizi mwenye akili."

Wale watu waliita tena, wakashauriana, wakapanda pikipiki na kufuata njia mbele, wakidhani labda wageni wameanza kutembea. Mlio ukafifia. Zaina alijisikia vibaya moyoni, kama mtu aliyefunga mlango na kukumbuka ufunguo uko ndani. Alisimama arudi kwenye gari, na wakati huohuo upepo nao ukainuka.

Ulikuja na mchanga. Walijifunika kitenge cha Zaina, wakakumbatiana kama watoto, mchanga ukiwaingia masikioni na kusagika menoni. Ulipotulia, nyayo zao zilikuwa zimefutika na kila kichaka kilifanana na mwenzake. Walikwenda upande waliodhani gari lipo. Halikuwepo. Wakageuka, wakakuta kituta wasichokijua.

"Tushuke," Tariki alisema. "Chini kunang'aa, unaona? Iko maji. Penye maji pana watu."

Na hapo hata Zaina hakubisha, kwa sababu hilo ndilo kosa la watu wa Uvira. Kwao milima iko upande mmoja na ziwa upande mwingine, na mtoto akipotea anaambiwa ateremke tu, atafika ziwani, atakuta mitumbwi na watu wanaoanika ndagala, samaki wadogo. Hakuna aliyewaambia kwamba nchi nyingine zinateremka bila kufika popote. Waliteremka. Walikunywa kidogo kidogo, funda la huyu na funda la yule, na Tariki akawa anapunguza mwendo. Midomo yake ilipasuka. Zaina alimuuliza kama amepata mkojo tangu asubuhi, naye akasema ni aibu kubwa kuulizwa hivyo na dada katikati ya dunia, maana yake hajapata.

Maji yalikuwepo kweli. Uwanda mpana mweupe, na juu yake utando wa maji usiozidi kifundo cha mguu. Tariki aliingia na viatu, akapiga magoti, akachota kwa viganja. Zaina alichovya kidole tu, akaonja, akatema. Ilikuwa chumvi, chungu hadi kooni.

"Usinywe!"

"Maji iko maji. Nimekunywa ziwa tangu utoto."

"Hii ni chumvi! Itaiua figo!"

Viganja vilishafika mdomoni. Zaina alimpiga kibao mkononi, kwa nguvu zote, maji yakamwagika. Hakuwa amewahi kumpiga mkubwa wake maishani. Wote wawili walibaki wanatazamana, magoti ndani ya chumvi.

"Unanipiga mie?"

"Napiga mwenye kuchezea kitu yangu! Nililala kwenye meza wakanipasua, sikulia. Wakaniambia naweza kufa, sikulia. Sasa unataka kuikausha kwa sababu ya picha ya kalenda?" Na hapo akalia, bila machozi, mwili haukuwa na maji ya kutoa.

Tariki alikaa palepale kwenye tope jeupe.

"Zaina, mie naona haya," alisema. "Tangu wanipasue. Mkubwa ndiye anabeba mdogo. Weye ukanibeba. Kila ukiniambia kunywa, naona kama unanikumbusha. Njo maana nakuamuru kila kitu, nionekane bado niko mkubwa."

"Uko mkubwa. Mkubwa mujinga." Akapangusa uso. "Nilikupa figo kwa sababu sikutaka kukuzika. Ndiyo hiyo tu. Simama, tutoke mu hii chumvi."

Walitoka. Saa ya dawa ilikuwa imefika. Zaina aligawa vidonge, na maji yaliyobaki chupani yakaishia hapo, mengi kwa Tariki, kwa sababu safari hii alipomwambia anywe, alikunywa. Kisha wakakaa kwenye kivuli cha ukingo wa udongo, ndimi zimevimba.

Kilichowaokoa ni kelele. Ilianza kama nzi, ikawa ngoma, ikawa spika mbovu inayopasua wimbo uleule waliousikia asubuhi. Juu ya ukingo wa mbali, upande wa pili wa uwanda, zilipita bendera, nyekundu, nyeupe, njano, na chini yake vivuli vidogo vya watu. Baadhi ya mahujaji wa barabara kuu walikuwa wameamua kukatiza njia.

Zaina alijaribu kusimama, akarudi chini. "Yaya," alisema. "Wamefunga nyuso."

"Naona."

Walikuwa wamefunga kweli, wote, kwa vitambaa, kwa sababu ya vumbi. Tariki alitazama zile nyuso zisizo na sura, na moyo wake ulipiga kama ulivyopiga kwenye mihogo ya bondeni. Aliogopa, tusiseme uongo. Kisha akachukua kitenge cha dada yake, akapanda ukingo kwa mikono na miguu, akakipeperusha, akaita neno la huko la maji, la kwanza alilojifunza hospitali, neno ambalo wagonjwa wote wa wodi ile walikuwa wakiliita mchana kutwa.

"Pani! Pani! Pani!"

Bendera zilisimama. Watu walianza kukimbia kuja, na yeye hakujificha. Aliwakimbilia, akaanguka, akaamka. Wa kwanza kufika alikuwa mama mmoja mzee, peku, nyayo zimepasuka kama udongo wa kiangazi. Alifungua kitambaa usoni, alikuwa hana meno ya mbele, akamwinamisha Tariki kichwa na kummiminia maji viganjani. Tariki alikunywa mara moja, akageuka, akaonyesha ukingoni. "Dada yangu," alisema kwa Kiswahili. Mama alielewa.

Banwari aliwakuta kwenye hema la matibabu la mahujaji. Alikuwa nyuma ya pikipiki ya wale vijana wawili wa kijijini waliolizunguka gari, macho yamevimba. Walikuwa wamezunguka jangwa siku nzima na bidoni yao. Alipomwona Tariki alianza kufoka, mikono hewani, halafu akakaa chini na kujifunika uso.

Tariki alisafisha koo. "Mwambie hivi. Mwambie nilifikiri yeye ni mwizi, na wale ni wenzake. Tuliwaona, tukajificha. Anisamehe."

Zaina alimtazama Banwari, akawatazama vijana, vumbi limewajaa hadi kwenye kope.

"Anasema asante," alitafsiri.

Daktari wa hema alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya ukali. Zaina alipomwonyesha makovu mawili, lake na la kaka yake, uso wa binti ulibadilika. Akawatundikia dripu wote wawili, akachukua damu, akasema damu itajibiwa mjini, lakini kuna jibu litakalokuja mapema, na hilo wasubiri. Zaina alilielewa vizuri. Hata Delhi, siku ya kwanza baada ya upasuaji, hakuna aliyemuuliza Tariki kama anaumwa. Waliuliza tu kama amekojoa. Miezi yote iliyofuata Zaina alisimama nyuma ya mlango wa choo na kikombe cha kupimia, na Tariki akimfokea kutoka ndani: "Mwanamuke gani huyu, kulinda mukojo ya kaka yake!"

Walisubiri. Chupa ya kwanza iliisha, ikatundikwa ya pili. Nje spika ziliimba. Zaina alihesabu matone, akaacha, akaomba. Mwishowe Tariki aliinuka, Banwari akamshikia dripu juu, wakaenda nyuma ya pazia na kikombe cha plastiki.

Kimya. Zaina alikaza macho kwenye lile pazia mpaka likaanza kucheza. Kimya bado. Halafu sauti ndogo, ya kusitasita, ndani ya plastiki.

"Zaina!"

"Nasikia."

"Kuya uone!"

"Nione nini huko, yaya? Kuna watu."

"Kuya uone, nakuambia! Iko kidogo, lakini iko!"

Hakungoja. Alitoka mwenyewe mbele ya mahujaji wote, ameshika kikombe kwa mikono miwili kama mtu anayempelekea mgeni chai, machozi yanamtiririka kwenye ndevu. Zaina alikipokea, akakiinua kwenye mwanga, akakikagua kama daftari la mwanafunzi mvivu.

"Rangi mbaya," alisema. "Kunywa maji."

Tariki akanywa bila kubisha. Kisha akajaza maji kikombe kingine, akampa dada yake, akakaa pembeni yake akimtazama mpaka alipokimaliza chote.