Kable Iliyobaki Kasongo

— Anaomba kable ya kuvutia gari. Anaomba kila moto inayopita. Sasa mimi mutu wa moto, kable nitaitoa wapi?

Plamedi alikuwa amelowa mpaka kofia. Alitoka njia ya Kabambare mbio, na moto yake, pikipiki ya abiria, bado ilikuwa inanguruma mbele ya depo ya mchele ya Soraya.

— Nani anaomba? Soraya aliuliza.

— Iliasi wako. Kruza yake imeingia kwa daraja la Mutope tangu asubuhi. Muti wa daraja umevunjika, muguu wa mbele umezama, tairi yote ndani. Iko pale na mama yake.

— Hapana. Iliasi iko hapa Kasongo. Jumamosi tuko na mashindano yetu.

— Dada, nimemuona na macho yangu.

Ndipo simu ya Soraya ikalia. Ulikuwa ujumbe wa jana, rezo, mtandao wa simu, iliukalia usiku kucha:

"Sora, mama ameniita gafla. Anataka akuone na macho mbele ya kusema neno lake juu ya ndoa yetu. Naenda kumuchukua Kabambare, sikupata hata nafasi ya kuaga. Kesho adhuhuri tuko Kasongo. Upike samaki, majani ya sombe anakulaka kila siku."

Soraya alisoma mara mbili. Kable ya Iliasi, mita ishirini za chuma, ilikuwa chini ya kitanda chake. Na aliyeiweka pale ni yeye mwenyewe.

Msimhukumu bado. Sikilizeni kwanza ilivyokuwa.

Soraya alirithi Landi ya marehemu baba yake, Land Rover ya zamani, na anaiendesha mwenyewe, Kasongo mpaka Nyangwe, anabeba mchele na mawese. Iliasi ana Land Cruiser, anabeba wachuuzi na mizigo yao mpaka Salamabila. Mapenzi yao yalianza kwa ubishi, na ubishi haukuisha. Wengine wakipendana wanatumiana maua ya kwenye simu. Hawa walitumiana mambo ya jeep.

"Landi yangu miguu yote mine inavuta siku zote. Wewe mupaka ushuke ndani ya mutope ufunge miguu ya mbele na mukono ndipo nayo ivute."

"Nashuka, ndiyo. Lakini kitu kikivunjika, hata Salamabila nakipata sokoni. Wewe utangojea kipande mupaka upate wajukuu."

"Wajukuu wa nani?"

"Wetu."

Basi wakaahidiana: Jumamosi magari yote mawili yataingia kwenye shimo la matope kule chini karibu na Lualaba, mbele ya mashofere wote. Atakayeomba kuvutwa wa kwanza, ameshindwa maisha yake yote. Soraya akaona amalize maneno kwa hila. Jumanne, Iliasi alipoenda kuswali, alifungua kisanduku nyuma ya kiti, akatoa kable, akaondoka nayo. Bila kable, Iliasi akikwama ingembidi amwombe yeye, na Soraya alitaka kusikia maneno mawili tu: "Sora, nivute."

Alijua Iliasi hataona. Mashofere wa njia hii wana mwiko wao. Asubuhi ya safari unatazama mafuta, maji na matairi, lakini kisanduku cha vyombo hakifunguliwi. Anayehesabu kriki ya kuinulia gari na kable kabla ya kutoka ameiita pane, gari kuharibika njiani, kwa jina lake. Iliasi alifunzwa hivyo na baba yake, na Soraya vilevile.

— Njia ikoje, Plamedi?

Plamedi aligeuza uso.

— Watu wanatoka vijijini na magodoro juu ya kichwa. Wanasema watu wa bunduki wameshuka. Mimi sirudi kule, dada. Unisamehe.

Soraya alikimbia nyumbani, akaburuta kable mpaka kwenye Landi. Kaka yake Atumani alimkuta anafunga mlango wa nyuma.

— Unaenda wapi na mvua hii?

— Kwa Mutope. Iliasi amekwama.

— Nitatafuta wanaume. Kesho asubuhi tutaenda.

— Kesho tutakuta nini pale, kaka?

Atumani alizunguka gari, akaingia upande wa pili huku akilaani ukoo wote wa Iliasi, mmoja mmoja.

Njia ilikuwa imegeuka uji. Soraya aliweka vitesi vya nguvu, gia za mwendo mdogo, akaiacha Landi itambae yenyewe, bila kukanyaga mafuta kwa pupa. Matairi yalifuata kila shimo, hata moja halikukosa ardhi. Siku nyingine angepiga picha amtumie Iliasi amtie wivu. Leo alikuwa anatazama kila kichaka kilichotikisika. Walipishana na mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni na kuku wawili mkononi. Alipunga kuwaonyesha warudi. Nyuma yake njia ilikuwa tupu, hata baiskeli haikuonekana.

— Kable hii ya nani? Atumani aliuliza ghafla. Alikuwa amegeuka nyuma. Mpira mwekundu uliofungwa kwenye jicho la kable kila shofere wa Kasongo anajua ni alama ya Iliasi.

Soraya alimweleza yote. Hakumtazama usoni.

— Soraya, wewe mujinga.

— Najua.

— Mama yake anasemaka kila mahali hataki mukwe wa kushika vola ya gari. Sasa unamupelekea sababu mukononi. Sikiliza. Ule mupira tuukate. Tuseme tumenunua kable mupya sokoni. Nani atajua?

Wazo lile lilimwingia Soraya vizuri kabisa, acheni niseme kweli. Akilini akamwona Iliasi anacheka, mama anakula samaki, wazee wanakaa kwenye mkeka kupanga ndoa. Ilitosha kisu kimoja tu. Atumani alikuwa ameshakitoa mfukoni.

— Ngoja kwanza tufike, alisema Soraya.

Walifika mvua ikiwa imepungua. Kruza nyeupe ilikuwa imeinamisha uso, mguu wa kushoto katikati ya miti miwili ya daraja, maji ya kijito yanapita chini ya injini. Iliasi alikuwa matope mpaka kifuani. Mama yake, Mama Rehema, alikuwa amesimama ng'ambo hii na tasbihi mkononi, kitenge chake kimelowa, midomo inacheza bila sauti.

— Sora. Iliasi alisema jina hilo tu, halafu akakaa chini kwenye matope.

— Shikamoo mama, Soraya alisema akipiga goti.

— Marahaba. Ni wewe ule wa jeep?

— Ni mimi, mama.

Mama Rehema alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwa.

— Hatuna wakati, alisema Iliasi akinyanyuka. Tangu adhuhuri tunasikia bunduki upande wa mulima. Kable yangu wameiiba, Sora. Nimefungua kisanduku, hakuna kitu. Ni Plamedi. Jumanne alinisaidia kupakia, hakuna mutu mwingine aliyegusa gari.

— Plamedi ndiye alituletea habari yako, alisema Soraya.

— Mwizi anarudiaka kutazama.

— Nikifika Kasongo, alisema Mama Rehema polepole, sitaenda polisi. Nitatafuta walimu saba, wamusomee halbadiri. Mwenye kuiweka roho yangu kwa hatari hii atavimba mupaka aseme. Tayari nimeanza kumuombea mabaya.

Halbadiri, dua ya kumlaani mwizi, si mchezo, hata wasioswali wanaiogopa. Dua ile haiulizi kama ulikuwa unatania. Na asiposema, itasomwa kwa jina la Plamedi, kijana aliyepita kwenye njia ya watu wa bunduki ili aje kumwambia.

Atumani alimkonyeza kutoka kwenye gari. Kisu kilikuwa mkononi, kimeshikwa chini.

— Kable yako iko mita ngapi? Iliasi aliuliza.

— Tano.

— Haifiki. Mutelemko ule unateleza, ukikaribia utaingia na wewe. Unapashwa kuvuta toka juu, pale kwa mawe.

Soraya alikwenda nyuma ya Landi. Alifungua mlango. Aliishika kable kwa mikono miwili, akaiburuta mpaka miguuni kwa Iliasi, mpira mwekundu ukiwa juu.

Iliasi aliutazama mpira. Akamtazama Soraya.

— Umeitoa wapi?

— Chini ya kitanda changu. Niliitoa kwa gari yako Jumanne. Nilitaka Jumamosi uniombe nikuvute. Sikujua unasafiri. Plamedi hakuiba kitu. Mama, yule unayemuombea mabaya ni mimi.

Tasbihi ilisimama kwenye vidole vya Mama Rehema.

— Uliweka mama yangu hapa, alisema Iliasi. Sauti yake ilikuwa ndogo, na hiyo ndiyo ilimuua Soraya. Mama yangu, Sora. Kwa muchezo.

— Ndiyo.

Bunduki ikalia. Safari hii haikuwa mlimani. Ndege wote wa kijito waliruka kwa pamoja.

— Mufunge kwanza, alisema Mama Rehema. Mutagombana mukiwa wazima.

Iliasi aliingia majini, akaingiza kable kwenye ndoano ya mbele, akainama kufunga miguu ya mbele kwa mkono, mmoja halafu mwingine, maji yakimfika kidevuni. Soraya hakumcheka. Alipandisha Landi mpaka kwenye mawe, akateleza mara mbili, mara ya pili nyuma ya gari ikaelekea kwenye kijito, akahisi mkojo unataka kumtoka. Atumani alifunga upande wa juu. Mama Rehema alivua kitenge chake cha juu, akakitupa katikati ya kable.

— Ikikatika isikate mutu, alisema. Marehemu bwana yangu alifanyaka hivi.

Soraya alivuta taratibu. Kable ikanyooka, ikalia. Landi ilikaza, haikusogea, injini ikashuka sauti kama inayotaka kuzima. Kwenye kioo alimwona Iliasi nyuma ya vola, amekunja uso, naye anakanyaga kidogo kidogo, anangojea Soraya avute. Wakaenda pamoja. Mti ukapasuka, Kruza ikanyanyua pua, matairi ya nyuma yakashika mti wa pili, na gari lote likapanda likitiririsha maji.

Bunduki ililia tena, karibu zaidi, Atumani akifungua kable.

— Mama, panda, twende, Iliasi aliita.

Mama Rehema aliokota kitenge chake, akakikamua. Alipita mbele ya Kruza bila kusimama, akapanda mawe kwa shida, akafungua mlango wa Landi.

— Mama, gari yetu ni hii.

— Naiona.

Akaketi mbele. Atumani akateremka mwenyewe kutoka kwenye mawe, akapanda kwa Iliasi.

Waliendesha nusu saa Soraya akitazama kioo tu, akingojea kuona watu wakitoka porini. Hawakutoka. Mama Rehema alikuwa ameshika chuma cha mbele kwa mikono miwili.

— Sijakusamehe, alisema.

— Ndiyo, mama.

— Ulisikia niliposema halbadiri?

— Nilisikia.

— Hukuogopa?

— Niliogopa sana, mama. Bado naogopa.

— Na ulitoa kable.

Soraya machozi yalimshinda. Aliyafuta kwa bega, mikono haikuachia vola.

— Nimeshaiondoa ile dua, alisema Mama Rehema. Niliiondoa pale pale, ulipojitaja. Lakini ungenyamaza, ningemusomea mutoto wa watu bure, halafu nikuingize nyumbani kwangu na dua yangu inakutafuta. Kesho utaenda kwa huyo Plamedi, mbele ya wenzake wa moto, wewe na Iliasi wote wawili, mumuombe radhi. Mukishamaliza, huyu kaka yako aite wazee wenu, tuje. Neno langu litakuwa tayari.

— Iliasi hatakubali, mama. Hukuona uso wake?

— Uso wake ni wa baba yake. Unakawia kulainika.

Walipofika juu ya kilima ambapo rezo inashika, giza likianza kuingia, taa za Kasongo zilianza kuonekana kule chini. Kruza nyuma yao ilisimama kidogo, halafu ikafuata. Simu ya Soraya ikalia kwenye kiti. Hakuthubutu kuigusa.

— Usome, mama. Mimi siwezi.

Mama Rehema aliisogeza mbali na macho, akasoma herufi kwa herufi.

— Anasema bado iko na hasira. Anasema uwashe taa za nyuma, hakuoni vizuri.

Soraya alibaki ameshika vola.

— Unangojea nini? alisema Mama Rehema. Washa, bwana yako akuone.

Soraya akawasha.