Niliwaita Waje Titye, Wakaja na Mapanga

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Kumsenga, na kazi yangu ni kutengeneza simu pale Kibondo sokoni. Elimu yangu niliipata jioni, ndugu zangu! Mchana nilishika chuma cha kulehemu, jua likizama nakaa dawati moja na watu wenye wajukuu. Nilipofaulu kidato cha nne nilipiga kelele ambazo nadhani zilisikika ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wanaonijua husema napenda kukuza mambo. Wananisingizia. Mimi hukuza kidogo tu, kama mlima hivi.

Lakini haya ya leo sijayakuza... Natamani ningekuwa nimeyakuza!

Mwaka 2014 ndipo nilipokutana na bitkoini. Msidhani nilikuwa nayo, hata chembe sikuwa nayo! Nilikutana na watu wake, mtandaoni. Walisema kuna hela isiyo na benki wala gavana, inayotunzwa kwenye kompyuta za watu wengi duniani, kila mmoja akiandika kile kile anachoandika mwenzake, ili asipatikane wa kudanganya. Mpango huo waliuita blokcheni. Siku nilipouelewa nilicheza kibandani peke yangu hadi mteja akachukua simu yake mbovu akaondoka nayo.

Watu hao wana tabia moja: wanapenda kukutana. Leo Nairobi, kesho Kampala, keshokutwa Dar. Basi mimi nikajipa kazi ya kuisaka mikutano yao. Naichimbua mtandaoni, naiandika upya kwa Kiswahili chenye pilipili, naitupia kwenye makundi ya WhatsApp ya Kibondo na Kasulu. "Mkutano mkubwa kuliko yote Afrika! Usipokuja wajukuu watakulaani!" Kumbe ni watu tisa wamekaa mgahawani. Vijana wakaniita Waziri wa Mikutano, nami nikaitika.

Wakati huo nilikuwa nimemchumbia Debora, binti wa Mzee Bukuru wa Titye, kijiji cha upande wa Kasulu. Jamani, Debora! Akicheka, hata jogoo husahau saa. Tatizo lilikuwa baba yake. Alinikalisha mbele ya mjomba wangu, akaniambia taratibu, kama mtu anayemenya muhogo:

"Ng'ombe si hoja, kijana. Hoja ni kwamba binti yangu akiulizwa mumewe anafanya nini, atajibu nini? Anaita watu kwenye mikutano ya hewani? Niite mimi kwenye mmoja. Niukalie. Hapo utamchukua."

Kwa hiyo, wasomaji wenzangu, mkutano ule haukuwa wa bitkoini tena. Ulikuwa wa Debora.

Nilikuwa na rafiki, Method. Tulisoma wote jioni, tukala sahani moja, tukaazimana hata mashati. Yeye aliendesha bodaboda Kasulu na alikuwa na spika ya kutangazia misiba na mechi. Alizaliwa Titye, nyumba ya tatu kutoka kwa kina Debora. Nilipomweleza shida yangu alinikumbatia. "Shemeji yangu huyo!" akasema. "Tutalijaza lile ghala la kahawa la kwetu mpaka panya wahame!"

Kundi moja la Dar lilikubali kututumia fulana na kutuazima projekta, kwa sharti moja. Ukurasa wa mkutano mtandaoni uonyeshe watu wengi waliothibitisha kuja, kila mmoja na jina, kijiji na picha ya sura yake. Sasa Titye wengi walikuwa na simu za tochi! Ningefanyaje? Tukapanda pikipiki, mimi na Method, mlango kwa mlango. "Mwakeye, mama! Jina lako? Kijiji? Cheka kidogo!" Napiga picha, naingiza mtandaoni, tunakwenda kwa jirani.

Hapa msomaji wa mbali hataelewa, nimweleze. Kwetu, Kiha na Kirundi ni kama mtu na mdogo wake. Mwaka uliotangulia malori yalikuwa yamepita yakibeba watu walioambiwa si raia, warudishwe ng'ambo ya mpaka. Wengine kweli walikuwa wageni. Wengine walikuwa Waha wa kuzaliwa ambao kosa lao lilikuwa kukosa karatasi, au kuwa na jirani mwenye wivu. Tangu hapo mtu akija akakuuliza jina na kijiji, kisha akakupiga picha, huulizi ni ya nini. Unauliza lori linakuja lini.

Mimi ni wa Kumsenga! Nayajua hayo kama ninavyojua jina la mama yangu. Lakini furaha ilikuwa imeniziba masikio.

Kuna bibi mmoja aliufunika uso wake kwa kitenge, akakataa katakata. Method akaniambia, "Tangulia, mimi nitamwelewesha." Kwa wengine pia akafanya hivyo hivyo. Nami nikamshukuru! Mungu wangu... nilimshukuru!

Siku ya mkutano ilikuwa Jumapili mchana, jua kali. Tulitumia ghala la zamani la kahawa. Fundi wangu alikuwa Pasikali, Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mpole, hodari wa jenereta. Debora alisimama mlangoni akigawa fulana. Mzee Bukuru alikaa mbele kabisa, amevaa koti lake la kuendea harusi. Na watu wakaja! Wakaja, wakaja, hadi wakabanana kutani. Mzee akageuka nyuma kuwatazama, kisha akanitazama mimi, akatikisa kichwa polepole kwamba ndiyo. Ndugu zangu, kwa mtikiso ule wa kichwa ningeweza kulibeba ghala zima mgongoni hadi Kibondo.

Pasikali, ambaye huniita yaya, yaani kaka, akanivuta shati. "Yaya, angalia. Hawa batu habacheke. Na hii mapanga ni ya nini?"

"Wametoka shamba," nikamjibu.

"Siku ya Mungu, yaya?"

Nikamcheka! Nikamwambia Waha hupata moto taratibu, awashe mashine. Na ili niwafurahishe, jambo la kwanza nililolionyesha ukutani ulikuwa ukurasa wa mkutano wetu... sura zao wenyewe! Safu kwa safu, kubwa kama milango, kila moja na jina na kijiji chini yake. Nikafungua mikono nikisubiri vigelegele.

 

Badala yake mwanamke mmoja akapasua hewa: "Yewe! Ndio sisi hao! Ndio wa lori hao! Method alitwambia, kila mwenye sura kwenye mashine anapakiwa!"

Jiwe la kwanza lilipiga projekta. La pili lilinipiga mimi mdomoni, nikameza jino langu mwenyewe. Nikainua mikono niseme jambo, mpini wa jembe ukashuka juu ya vidole hivi ninavyoandikia sasa, nikasikia vikivunjika kama mabua. Nikaanguka. Mateke! Nadhani Kasulu nzima ilinipiga, na mkisema nakuza, njooni muhesabu makovu. Mtu alinikalia kifuani akinigonga kichwa sakafuni huku akilia, kweli analia, akiniuliza, "Wanangu nawaacha na nani? Eh? Nawaacha na nani?"

Pasikali alipiga magoti. "Mutuhurumie, batu ya Mungu! Mutuhurumie!" Maskini, lafudhi yake ndiyo iliyomponza. "Si raia huyo! Ndiye aliyeleta lori!" umati ukafoka. Wakamwacha kila mtu wakamrukia yeye. Wakamkata sikio. Damu ikaruka ikachora ukuta pale pale zilipokuwa zile picha.

Hapo nikamwona Mzee Bukuru. Mzee yule aliruka benchi kama kijana, akajilaza juu ya Pasikali, koti lake likamfunika. "Mimi ni Bukuru!" akapaza sauti. "Mnanijua! Nimezika baba zenu! Anayetaka kuua aanze na mimi!"

Wengi walisita. Lakini panga moja lilikuwa limekwisha kuanza safari yake... na panga halisikii. Likamwingia kati ya shingo na bega.

"Data!" Debora alipiga ukelele. "Data! Data!" Hivyo ndivyo tunavyomwita baba kwa Kiha, na tangu siku hiyo sikuweza tena kulitamka neno hilo.

Umati ukatawanyika kama kuku walioona mwewe. Nilitambaa hadi mlangoni. Nje, kando ya barabara, Method alikuwa juu ya pikipiki yake, injini inaunguruma. "Method!" nikamwita kwa mdomo uliojaa damu. "Mpeleke Mzee hospitali! Kaka, bado anapumua!" Alinitazama. Akamtazama Debora aliyepiga magoti kwenye damu ya baba yake. Akageuza pikipiki, akaondoka.

Tuling'oa mlango wa ghala, tukambeba Mzee juu yake kwa miguu, wakitusaidia baadhi ya wale wale waliotupiga. Alikata roho kabla hatujaiona Kasulu.

Polisi walikuja, wakakamata waliowakamata. Method alikimbilia machimboni, na kutoka huko akampigia mjomba wangu simu akilia. Alisema hakutaka mtu apigwe. Alitaka tu watu waogope, wasije, Mzee akae kwenye ghala tupu peke yake, anione mpuuzi, aninyime binti. Kumbe alikuwa akimpenda Debora tangu utotoni! Alidhani mtu mwenye hofu hujifungia ndani. Hakujua kwamba mtu aliyekwisha kupakiwa lori mara moja hangoji lije mara ya pili.

Matanga yalipokwisha nilikwenda Titye, mikono imefungwa plasta. Debora alinipokea kwa heshima zote. Alininywesha maji, akikishika kikombe yeye mwenyewe kwa kuwa mimi sikuweza. Kisha akasema, "Sikulaumu, Sospeter. Lakini mama akisikia sauti yako anatetemeka. Tafadhali usije tena." Baadaye alihamia Tabora kwa shangazi yake. Nasikia ameolewa. Namwombea.

Pasikali aliokoka. Vidole vyangu havishiki tena skrubu ndogo, siku hizi nauza vocha na makava. Bado nacheka, wateja wanasema nachekesha kuliko redio. Lakini nikimwona mtu anainua simu apige picha, naufunika uso wangu kama yule bibi wa kitenge.

Nawaomba nyie mnaotangaza mikutano huko mtandaoni, iwe ya bitkoini, ya dini au ya siasa: msikimbilie wingi wa watu. Nendeni kwanza mkakae nao, mle nao maharage, muwasikilize mpaka mjue wanaogopa nini. Ikichukua mwaka, ichukue mwaka! Ningefanya hivyo, Mzee Bukuru angekuwa hai leo.