Ziwa Lililomeza Nyumba ya Kina Elyor

Umati wa soko la Chorsu, jijini Tashkent, nusura umponde Zarnigor pamoja na mji wake. Mji wenyewe ulikuwa wa kadibodi, umebandikwa juu ya ubao. Ilikuwa kazi yake ya mwisho chuoni, alikosomea usanifu majengo. Kijana mrefu mwenye shati jeupe aliunyakua akauinua juu ya vichwa vya watu.

"Nikupelekee wapi, mheshimiwa meya?"

"Kituo cha metro. Na taratibu, kaka, gundi haijakauka."

"Watu wako wa karatasi mbona hawana nyuso?"

"Afadhali wao. Hawaulizi maswali."

Kijana huyo, Elyor, mfamasia, alicheka mpaka mji ukatikisika. Tangu siku hiyo simu hazikukatika kati yao. Ilikuwa "Zari wangu, umekula?" na "Nimekula, daktari wa panadoli, wewe je?"

Majira ya kuchipua yalipoingia, Elyor alimpeleka kwao, mtaa wa zamani wa Tashkent wenye kuta za udongo na mizabibu uani. Zarnigor alivaa gauni la hariri ya rangi rangi. Mama yake Elyor, Mama Hamida, alimpakulia pilau, akamchagulia minofu. Lakini mtaa ule binti aliutambua. Aliwahi kuichora ramani yake kabla hajamjua Elyor, kisha akaufuta kwenye mji wake wa kadibodi, Tashkent mpya aliyoibuni. Mahali pake aliweka ziwa na bustani.

Alimsifu mama kwa pilau, la ziwa akalificha.

Siku ya maonyesho chuoni, Elyor alikuja na maua. Akafuata barabara za kadibodi kwa kidole, kidole kikafika majini.

"Nyumba yetu iko wapi?"

"Ni ndoto ya darasani tu, Elyor. Hakuna atakayeijenga."

"Mtaa wa shangazi yangu ulibomolewa. Nao ulianza kwa mchoro." Sauti yake ilishuka. "Ulikaa kwa mama, ukala chakula chake, huku unajua?"

"Nilijua."

Aliyaweka maua juu ya kiti, akaondoka. Zarnigor alipiga simu, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena kesho yake, na keshokutwa. Mwisho akaenda mwenyewe kwa Mama Hamida, akamweleza yote.

Mama alimsikiliza hadi mwisho. "Ziwa si baya, mwanangu. Lakini sisi ulituhamishia wapi?"

"Sikufikiria, mama. Kwangu palikuwa ramani tu."

"Basi leo unatujua. Chukua kisu, unikatie karoti."

Elyor aliporudi kutoka kazini alimkuta Zarnigor uani, macho mekundu, karoti mbele yake.

"Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Niliogopa ungeninyamazia. Na kweli umeninyamazia."

Elyor alichuchumaa karibu naye. "Kila ulipopiga niliitazama simu. Hasira ikanishinda, nami nakufa kwa kukukumbuka. Nisamehe, Zari."

"Nisamehe wewe kwanza."

Mama Hamida alijifunga kitambaa kichwani. "Malizaneni. Mimi naenda kwa jirani kuazima sufuria kubwa."

"Ya nini, mama?"

"Nikituma washenga, wakirudi na jibu zuri nitawapikia katika nini?"

Akatoka. Zarnigor aliinamia karoti zake. "Mimi sijaulizwa."

"Nakuuliza sasa," Elyor alisema. "Utanikubali, na ununaji wangu huu?"

Zarnigor aliweka kisu chini, akamtazama mpaka kijana akaanza kutokwa jasho.

"Nakubali. Ila mkimbilie mama, umwambie sufuria moja haitoshi. Kwetu tuko wengi."