Jina Lililomnyamazisha Kasuku

Kasuku yule hakulia alipotazamwa. Alilia akipewa mgongo tu. Shem aligundua siku ya kwanza kabisa, akifuta meza ya kulia: akimtazama, ndege kimya, jicho moja la manjano limemkazia, akigeuka kuchukua sahani, ukelele unamchoma kisogoni. Akacheka peke yake. Kumbe hata ndege wa Wazungu wanadeka.

Memsabu, mwajiri wake wa Kizungu, alimnunua mtaani Ngara, kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, na siku tatu baadaye akafunga masanduku kwenda Mombasa kupumzika wiki tatu. Kabla ya kupanda gari alimwinulia mpishi wake kidole.

"Shem, wewe angalia hii ndege mzuri. Hapana weka jikoni, moshi itaua yeye. Hapana weka kwa baridi. Jioni funika na kitambaa. Ndege ikikufa, wewe na bibi na toto enda reserve siku ile ile."

Katika maneno yote hayo Shem alibaki na moja, toto. Binti yake alikuwa na miezi miwili, amezaliwa kabla ya siku zake, na kila Jumatano mkewe Naliaka alimpeleka hospitali kupimwa kifua. Kwao Bungoma, huko reserve walikotengewa Waafrika, daktari alikuwa mwendo wa siku nzima. Kufukuzwa hapo Karen, mtaa wa Wazungu, mwaka ule kulikuwa sawa na kumzika mtoto. Hata jina hakuwa nalo bado. Walikuwa wakisubiri barua ya nyanya yake yenye jina.

Wiki haijaisha, ndege akaanza kujinyonyoa. Shem aliokota manyoya ya kifua asubuhi na jioni, ngozi ya waridi ikazidi kuonekana. Akampa karanga, papai, mahindi mabichi. Vyote vikatupwa chini. Akasogeza tundu mbali na dirisha, akalifunika jua likizama, akaketi kando yake akimbembeleza. Wapi! Kilio kilivuka bustani mpaka nyumba za watumishi, na mtoto akawa analia naye.

"Huyo analia kama mtoto anayetaka jina," Naliaka alisema akimtania. "Si umtafutie?"

Kwao ndivyo ilivyokuwa. Mtoto asiyenyamaza huitiwa majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, na lile atakalolinyamazia ndilo lake. Naliaka alisema akicheka. Shem, aliyekuwa na siku tisa hajalala vizuri, aliyachukua maneno yale mpaka sebuleni, akapiga magoti mbele ya tundu saa tisa mchana.

"Mukhwana," aliita. Ndege akapiga kelele. "Wekesa. Khisa. Shangazi Nekesa." Kelele. Akamaliza wazee wote aliowajua, na ulimi ukateleza. "Nanjala."

Ndege akanyamaza. Akashuka, akachukua karanga, akaila.

Nanjala alikuwa mke wake wa kwanza. Alishikwa na uchungu kijijini Krismasi moja, simu ya maandishi ikaja kumwita Shem, lakini Memsabu alikuwa na wageni kumi na wawili na bata mzinga wawili. Shem akatuma blanketi. Walisema alimwita siku tatu, ndipo akafa na mtoto tumboni. Shem hakwenda hata kumzika, na tangu hapo jina lile halikumtoka kinywani. Aibu ilimla kimyakimya.

Sasa ndege alikuwa anakula, na Shem akamshukuru Mungu. Furaha hiyo ilidumu siku mbili. Siku ya tatu sebule ilinuka samadi mbichi, harufu ya nyumba ya udongo iliyosiribwa upya, na zulia la Memsabu lilikuwa safi. Kasuku akainamisha kichwa, akatapika karanga iliyotafunwa, akamsogezea Shem kwenye chuma cha tundu, kama mtu anayemwekea mumewe chakula. Kisha akasema kwa Kibukusu, kwa sauti ya mwanamke aliyechoka, "Shem, utakuja lini?"

Tangu siku hiyo aliuliza mchana kutwa, aliuliza hata akiwa amefunikwa kitambaa, na kila alipouliza mtoto kule nyumba za watumishi aliachia ziwa akageuza kichwa kusikiliza, akawa hanyonyi, akawa anakonda, mbavu zikahesabika, na Naliaka alipokwenda kumtishia ndege kwa ufagio aliumwa kidole mpaka mfupani, naye ndege akacheka, akacheka kicheko ambacho Shem alikijua, kicheko cha Nanjala alichokipenda zamani.

Alipanda baiskeli mpaka Ngara, kwa fundi cherehani mmoja wa kwao, mzee Zedekiah, mtu wa kanisa la Marafiki ambaye watu walimwendea kwa mambo yasiyosemwa kanisani. Zedekiah alisimamisha mashine.

"Watu wa Pwani wangesema ni jini, wakafukiza ubani," alinong'ona. "Lakini jini ni mgeni, mwanangu. Huyu umemwita mwenyewe, akaitika."

"Nimnyonge ndege, mzee?"

"Halafu yeye akae wapi? Jina halifutwi. Linahamishwa kwa mtu wa damu yako. Marehemu akishapata wa jina lake hutulia, humlinda."

"Nyumbani asiye na jina ni mmoja tu," Shem alisema, machozi yakamtoka.

Zedekiah aliinama akakanyaga mashine yake.

Shem alirudi nyumbani akakuta mtoto amelegea, midomo imegeuka rangi. Naliaka alikuwa amekaa sakafuni.

"Baba, tangu uondoke ndege hajanyamaza, anasema yeye ni Nanjala. Nanjala ni nani?"

Shem akamweleza yote, blanketi na bata mzinga pia. Naliaka alimsikiliza mpaka mwisho.

"Unataka mwanangu abebe jina la mke mwenzangu? Uliyemwacha afe?"

"Nataka aishi. Nisaidie, mama. Sina kingine."

Naliaka alimpiga kifuani kwa ngumi, mara moja, mara mbili. Kisha akamwinua mtoto. "Mwite basi. Mwite upesi!"

"Nanjala," Shem aliita. "Nanjala. Nanjala."

Kutoka nyumba kubwa ulisikika ukelele mmoja, wa ndege wa kawaida. Mtoto akatafuta ziwa, akanyonya kwa pupa, na Naliaka akalia kwa sauti.

Memsabu alirudi akakuta kasuku anaota manyoya mapya, anapiga miluzi na kuomba papai. Alimsifu Shem mbele ya wageni.

Miezi saba ikapita. Mtoto alinenepa, kifua kikapona, Jumatano za hospitali zikaisha. Alikuwa mpole ajabu, hakulia njaa wala meno. Alilia akipewa mgongo tu, na ni baba yake tu, si mtu mwingine. Shem akimtazama, kimya. Shem akishika kitasa cha mlango, ukelele.

Asubuhi moja alivaa kanzu nyeupe kwenda kazini, akageuka. Ukelele haukuja. Akarudi kitandani haraka, akainama juu yake. Mtoto aliinamisha kichwa upande, akamkazia jicho moja, akamshika kidole kwa nguvu isiyo ya mtoto.

"Umekuja," alisema kwa Kibukusu, kwa sauti ya mwanamke aliyechoka.