Mshale wa Kurudi Dukani

Jeki iliteleza mara moja tu, na mara hiyo moja ilitosha. Pikapu, iliyokuwa imetumbukia korongoni katikati ya vumbi zito, ilishuka kwa kishindo juu ya mkono wa kulia wa fundi pampu. Hakupiga kelele. Alisema, "Shemeji, inua," kwa sauti ya mtu anayeomba kusogezewa kiti, halafu akazirai.

Dereva, mdogo wake mke wa fundi, aliinua. Hata yeye hakujua alitumia nguvu za nani. Alisukuma ubao chini ya ekseli, akauvuta mkono ule, na vidole vilikuwa bado vipo vyote, ila havikuwa tena vidole vya kushikia spana. Akavifunga kwa fulana yake. Kisha akaenda kuchukua maji na kukuta dumu limepasuliwa na sanduku la vyuma, na mchanga umeshakunywa kila kitu. Ilibaki chupa iliyokuwa chini ya kiti, nayo haikujaa.

"Maji yapo?" fundi aliuliza alipozinduka.

"Yapo."

"Mengi?"

"Yapo, shemeji. Kunywa."

Walikuwa njiani kwenda kutengeneza pampu ya kisima ndani kabisa ya nyika. Dereva aliapa kwamba njia hiyo anaijua hata akifumba macho, na vumbi lilipokuja akayafumba kweli. Simu moja haikuwa na chaji, ya pili ilikuwa imepondeka pamoja na mlango.

Vumbi lilipotulia kidogo waliona miti juu ya mwinuko. Fundi akasema pale hapatakosa kisima, na kiu ikamsaidia dereva kuamini. Wakaliacha gari wakaenda. Hapakuwa na kisima, na miti yenyewe ilikuwa imekufa zamani. Walipogeuka, vumbi lilikuwa limerudi na nyayo zao zimefutika.

"Haya, turudi kwenye gari," dereva alisema akitoa kifaa cha GPS mfukoni. "Alama si uliweka?"

"Kwani hakiweki chenyewe?"

"Shemeji, mimi nilijua umeweka wewe."

"Na mimi nilijua ni kama simu. Kinakumbuka."

Kilikumbuka kitu kimoja tu. Kwenye kioo palisomeka: DUKA, na chini yake, kilomita mia nne na kitu. Dereva alicheka kicheko kibaya, na kucheka kwenyewe kukampasua midomo.

Alama hiyo aliiweka mke wa fundi, siku walipokwenda watatu kununua kifaa. Dereva alikuwa amemng'ang'ania mwenye duka ampe kile cha kioo kikubwa cha rangi, chenye ramani na sauti ya mwanamke anayekuambia pa kukata kona. Bei yake ilimfanya fundi akohoe. Cha pili kilikuwa chembamba na kizuri, lakini cha kuchajiwa. Cha tatu, cha bei ya chini kabisa, kilikuwa kinene kama kipande cha sabuni, cheusi, chenye vitufe na kioo cha kijivu.

"Hiki si kilikuwa cha babu?" dereva aliuliza.

"Hicho kinatumia betri za tochi," mwenye duka alijibu.

"Basi hichohicho," dada yake alisema. "Huko porini hicho chako cha rangi utakichaji kwa mate?"

Mwenye duka hakuwaficha. Cha bei nafuu hakina dira ndani yake: mshale unasema kweli ukiwa unatembea tu, ukisimama unazunguka ovyo. Akawatoa nje mlangoni, kwa sababu ndani ya duka kilikuwa hakipati setilaiti, akawaonyesha kitufe cha kuweka alama. Wanaume walikuwa bado wanabishana kuhusu ramani. Aliyeinama akasikiliza ni mwanamke. Akabonyeza, akaandika DUKA, akasema, "Hapa ndipo niliposimama mimi. Mrudi hapa."

Walimcheka mpaka mtaa wa pili. Nani anahitaji GPS kurudi dukani?

Sasa dereva aliutazama mshale, na polepole akili ikamrudia. Walikuwa wametoka mjini, wakaiacha lami, na tangu hapo walikuwa wakienda mbali nayo. Lami ilipita kati yao na mji, imeikata nyika upande hadi upande.

"Hatuendi dukani," alisema. "Tunafuata mshale tu. Barabara itatukuta njiani."

"Na isipotukuta?"

"Tembea, shemeji."

Walitembea. Jua lilipokuwa kali zaidi walilala chini ya vichaka visivyo na majani, wakasogea kila kivuli kiliposogea. Maji waliyapima kwa kifuniko cha chupa, na dereva aliinua kifuniko chake kitupu zaidi ya mara moja ili fundi asijue. Fundi alijua. Mkono ulivimba ukapita ukubwa wa fulana, ukaanza kunuka, na inzi wakawafuata kama waliokodiwa. Kila mara dereva alipokiwasha kifaa ilibidi wapige hatua kadhaa ndipo mshale utulie. Akishachagua kichaka kilicho mbele anakizima kifaa, wanakifikia kichaka, anakiwasha tena. Kioo kilipofifia alizitoa betri za tochi iliyokuwa mfukoni mwake akazipachika. Kifaa kikawaka. Alimkumbuka dada yake na mate yake, akaona aibu.

Chupa ilipobaki tupu, fundi aliketi.

"Sasa kitufe unakijua," alisema. "Weka alama hapa. Nenda, urudi na watu."

Ushauri ulikuwa mzuri. Dereva aliweka kidole gumba juu ya kitufe. Safari nzima hakuwahi kuweka alama hata moja, na hii ya kwanza, alijua, itakuwa ya kaburi. Atarudi na watu, mshale utamleta sawasawa mpaka hapa, na atakayemkuta hapa hatamjibu. Kisha atakwenda kumweleza dada yake jinsi kifaa kilivyofanya kazi vizuri.

Akaondoa kidole. Kwenye kioo mshale ulikuwa ukizunguka, mara nyuma, mara kando.

"Simama, shemeji. Ukikaa kinadanganya."

"Siwezi."

"Najua. Simama."

Akampitishia bega chini ya kwapa akamwinua. Walikwenda hivyo, wakianguka na kuinuka, wala hawakuiona lami. Dereva aliiangukia kwa magoti, na joto lake likamchoma ndipo akajua. Alimlaza fundi pembeni, akajilaza mwenyewe katikati ya barabara ili atakayekuja asiweze kupita. Lori lililosimama lilikuwa la saruji. Utingo aliwamwagia maji usoni kwanza, kwa kuwa hakudhani kama wako hai.

Hospitalini mkono ulikatwa juu ya kifundo. Dada mtu hakumlaumu yeyote. Aliuliza swali moja tu, kwa nini hawakuweka alama ya gari. Dereva, aliyekuwa na maneno ya kumpa kila mtu, siku hizo alipita na salamu tu.

Siku ya kuruhusiwa, fundi aliomba wapitie dukani. Mkewe akatangulia, akasimama mlangoni, palepale. Fundi alitembea kutoka barabarani akiwa na kifaa kwenye mkono wa kushoto, mshale umetulia, umemlenga mkewe. Mita zikapungua. Alipomfikia alimkabidhi dereva kifaa.

"Nimerudi," alisema, na kwa mazoea akanyoosha mkono wa kulia. Mkewe akaishika ncha ya mkono wa shati isiyo na kitu ndani, akaikunja kiganjani mwake, akalia.

Dereva aliangalia kioo. Kwa kuwa walikuwa wamesimama, mshale ulikuwa ukizunguka ovyo. Akakizima.