Sentimita Kumi na Mbili

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa viatu vya shule, Sephora alikuwa na kazi yake. Alifungua sekretariati ya mama yake, kichumba cha kando ya barabara ambamo watu walichapiwa barua na kutolewa fotokopi, akashika kitambaa kibichi na kuanza kufuta. Vumbi la Likasi mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, halina adabu. Malori yanayotoka upande wa Kamatanda hulinyanyua barabarani, nalo huingia bila hodi: juu ya meza, juu ya karatasi, hata mdomoni mwa mtu anayecheka.

Alipomaliza kufuta, alikunjua kitambaa kingine, cheupe, chenye maua ya manjano kwenye pembe. Mama Kabedi alikifuma kwa mkono wake mwenyewe, akakimaliza Jumapili iliyopita. Sephora alikitandika juu ya kompyuta mpya, akakivuta mpaka kikaning'inia sawasawa pande zote.

"Umefunika mashini?" mama aliuliza kutoka uani.

"Nimefunika, Mama."

"Bon. Ile vumbi isiniulie huyu mutoto wangu wa pili."

Kompyuta ilikuwa ndogo, mfano wa mikate miwili iliyobebana. Kichumba hakikuwa na nafasi ya kubwa zaidi, kwa kuwa mashine ya fotokopi ilishika ukuta mmoja na benchi la wateja ukuta mwingine. Mama alinunua kasha tupu la chuma hapohapo Likasi. Vipande vya kuweka ndani vilinunuliwa na Tantine Josée, mdogo wake mama anayeishi Lubumbashi, akavituma kwa basi. Aliyeviunganisha ni Ricky, kijana fundi wa simu mwenye meza yake sokoni.

Wiki ya kwanza kompyuta ilifanya kazi bila lawama. Wiki ya pili ikaanza kuzimika. Haikuzimika ovyo, bali kila siku karibu na saa sita mchana, mama akiwa katikati ya barua ya mtu.

Jumatano hiyo Sephora aliporudi kutoka shuleni, alimkuta Papa Patrice amekaa benchini, kofia magotini. Papa Patrice alikuwa karani zamani, na sasa alikuwa akiandikisha barua ndefu ya kuomba pensheni yake. Mama alikuwa amefika kwenye "Kwa heshima kubwa" pale kioo kilipokuwa cheusi.

"Mama Kabedi," alisema Papa Patrice taratibu, "hii ni mara ya tatu barua yangu inakufa. Mashini yako inasali? Kila saa sita inafunga macho."

"Umeme, Papa. Utusamehe."

Papa Patrice alitazama juu. Taa ya darini ilikuwa inawaka. Alivaa kofia yake na kutoka.

Sephora pia aliitazama ile taa. Kama umeme ulikuwapo, basi ubaya ulikuwa ndani ya kasha. Na Sephora alikuwa ameona jambo ambalo hakumwambia mtu bado.

Siku ya kuunganisha kompyuta, Ricky alikuwa ameomba pazia la mlango lishushwe. Alisema ni kwa sababu ya vumbi. Sephora alichungulia ukingoni. Alimwona Ricky akishika ventilo kubwa iliyotoka Lubumbashi, yaani feni ya kupoza kompyuta, iliyofungwa ubavuni mwa mnara wa mabamba membamba yanayong'aa. Aliiweka ndani ya kasha, akaitoa, akaiweka tena, akakuna kichwa. Kisha akaitumbukiza ndani ya mfuko wake na kuifunika kwa koti. Kutoka mfuko huohuo alitoa ventilo nyingine, fupi, bapa kama kisahani, tena si mpya. Mama alipoingia, Ricky alikuwa anakaza skrubu ya mwisho ya kifuniko.

"Imekwisha, Mama. Sasa inapumua muzuri."

Tangu siku ile hakuwa amepita hata kusalimia.

Alhamisi, wakati wa mapumziko, Sephora alimsimulia Providence, rafiki yake wa dawati moja. Providence alifungua macho.

"Sefo! Ameiba! Amechukua ya mpya, amewawekea ya kuzeeka. Juu ya nini asipite kusalimia? Mwenye moyo safi anapita."

"Sijui kama ameiba. Niliona tu."

"Ukiona si umeona? Unataka aandike kwenye paji la uso?"

Sephora alitaka kusema "usimwambie mtu", lakini kengele ililia. Na Providence alikuwa na dada wanne, na kila dada alikuwa na marafiki zake.

Jioni hiyo alimwambia mama. Mama Kabedi alisikiliza bila kupepesa jicho. Alichukua simu yake na kufungua picha aliyotumiwa na Tantine Josée: ventilo kubwa, mabamba yake yaking'aa. Alichungulia ndani ya kasha kupitia matundu ya kifuniko. Aliona duara jeusi, dogo, lililochujuka.

"Kumbe," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na Sephora aliiogopa kuliko kelele. "Miye nilimulisha huyu mutoto ugali hapa ndani. Jumamosi naenda kwenye meza yake. Atatoa kile kintu mbele ya bantu wote, na nitamwita kwa jina lake."

Jina ambalo mama alikuwa nalo mdomoni ni mwizi. Sephora alijua maana yake. Fundi wa simu hushikilia mali za watu kutwa nzima. Akiitwa mwizi mara moja sokoni, hakuna atakayemwachia hata chaja.

Ijumaa baada ya masomo, Sephora na Providence walipita sokoni. Walisimama nyuma ya muuza samaki wakavu, wakaangalia. Mbele ya meza ya Ricky walikuwapo watu watatu, lakini hawakuwa wameleta simu. Walikuwa wanazichukua.

"Nipe yangu," alisema mwanamke mmoja mnene.

"Mama, inabakia kioo tu. Nusu saa."

"Nipe vilevile. Hata kama haijapona, iko yangu."

Ricky alimpa. Mikono yake ilikuwa inatafuta kazi ya kufanya. Alipanga bisibisi zake, akazipangua.

"Unaona?" Providence alinong'ona. "Bantu wamejua."

"Wamejuaje?"

Providence alianza kuhesabu samaki kwa macho.

Punde Ricky aliondoka mezani kwenda kutafuta maji. Nyuma ya meza kulikuwa na kichumba chake cha kazi, mlango ukiwa wazi. Sephora alimwambia Providence amngoje, akapenya haraka. Alitaka kuiona ile ventilo kwa macho yake. Labda alikwisha kuiuza.

Kitu cha kwanza alichokiona ni kompyuta ya Ricky mwenyewe. Ilikuwa wazi, haina kifuniko, imezimwa. Katikati ya kadi yake kubwa, ubao unaobeba vipande vyote, pale ambapo ventilo hukaa, palikuwa patupu: tundu nne za skrubu na kibati cha prosesa, ubongo wa kompyuta, chenye mabaki ya ile dawa nyeupe inayopakwa kati ya prosesa na ventilo. Kando yake, ndani ya katoni yake, ilikaa ventilo kubwa ya Lubumbashi. Haikuuzwa. Juu ya katoni palibandikwa karatasi ya daftari, na mwandiko wake Sephora aliutambua kama mtu anavyojitambua kwenye kioo.

*Nafasi ya ndani: sentimita 12.*

Chini yake, kwa kalamu nyingine: *Hapana. 7 na nusu. Kubadilisha Lubumbashi.*

Ile kumi na mbili aliiandika yeye mwenyewe. Kabla Tantine Josée hajanunua chochote, Ricky alikuwa amempa Sephora rula na kumwambia: fungua kasha, pima kutoka kwenye kadi mpaka kwenye kifuniko, kwa sababu katika kasha dogo ventilo ikizidi hata kidogo, kifuniko hakifungi. Skrubu zilikuwa ngumu. Providence alikuwa anamwita nje, kamba ya kuruka mkononi. Basi Sephora alipima kasha kwa nje, akapata kumi na tatu, akatoa moja kwa ajili ya bati, akaandika kumi na mbili. Hakufikiria kwamba kadi yenyewe imekaa juu ya pawa, kile kisanduku cha kuingizia umeme, na kwamba pawa imekula nafasi yote ya chini. Ricky alipomuuliza, "Ulifungua?", alijibu, "Nilifungua, Yaya," akimwita kama kaka mkubwa.

"Unatafuta nini, Sefo?"

Ricky alikuwa mlangoni, bidoni ya maji mkononi.

"Yaya Ricky... juu ya nini haukusema?"

Aliweka bidoni chini. "Niliona mwandiko wako. Mama yako alikuwa anaimba siku ile, unakumbuka? Nikasema, nikifungua mdomo, huyu mutoto atapigwa. Nikaweka ventilo yangu, iko fupi, inaenea. Kubwa nitabadilisha, nitarudisha, nani atajua?"

"Sasa bantu wanasema weye ni mwizi."

"Nasikia." Alitabasamu bila furaha. "Nilijificha kama mwizi, hata."

Lakini shaka la Sephora halikutoka lote. "Na yako inafaa? Kila saa sita mashini inakufa."

"Inakufa?" Ricky alikunja uso. "Hakuna mutu aliniambia. Niliijaribu masaa matatu pale kwenu, haikuzimika hata mara moja. Twende. Sasa hivi."

Njiani Sephora alikuwa anatafuta sentensi ya kwanza ya kumwambia mama, na kila aliyoipata ilikuwa na "mimi" ndani yake.

Mama Kabedi alikuwa ameketi mbele ya kioo cheusi. Papa Patrice alikuwa benchini tena, na wateja wawili walisimama karibu na fotokopi. Mama alipomwona Ricky, aliinuka.

"Tazameni! Sikuenda kwake, amekuja kwa miguu yake. Huyu kijana—"

"Mama, ngoja!" Sephora alisimama kati yao. "Mimi ndiye niliyekosa. Alinituma nipime ndani. Sikufungua. Nilipima nje, nikasema nimefungua. Ventilo kubwa haingii, kifuniko hakifungi. Hii iliyomo ni yake. Ameitoa kwenye kompyuta yake."

Mama alimtazama binti yake, halafu Ricky, halafu binti yake tena.

"Na kama ni hivyo," alisema polepole, maana hakutaka kudanganywa mara mbili, "juu ya nini inazimika?"

Ricky alikwenda kwenye rafu iliyobeba kompyuta. Aliweka kiganja juu ya kitambaa cheupe, akakiondoa upesi kama aliyegusa sufuria.

"Mama, hiki kitambaa kilianza lini?"

"Jumatatu. Nilikimaliza Jumapili."

"Na mashini ilianza kufa lini?"

Mama alianza kuhesabu siku kwa vidole, akaishia kwenye Jumatatu.

Ricky alitoa kitambaa, akangoja kasha lipoe, akawasha. Alichana kipande chembamba cha karatasi, akampa Sephora. "Kisogeze karibu na matundu ya juu." Sephora akakisogeza. Karatasi ilimtoka vidoleni na kunata juu ya kifuniko, ikitetemeka.

"Inavuta hewa hapo," Ricky alisema. "Ventilo fupi inapumulia juu. Mnaifunga pua, inapata homa, inajizimisha isiungue."

Papa Patrice alianza kucheka mpaka kofia ikaanguka. "Mama Kabedi! Umefunika mashini kama bebe, tena na joto hii ya Oktoba!"

"Na vumbi?" mama aliuliza, uso umemwiva. "Vumbi iingie tu?"

"Tutanyoosha kipande cha soksi ya nailoni juu ya matundu. Hewa inapita, vumbi inabaki. Kila Jumamosi unafua. Kitambaa chako ni kizuri sana, Mama, lakini utafunika mangaribi, mashini ikiwa imezimwa na imepoa."

Jumamosi saa sita ilifika. Mama alichapa bila kuinua kichwa. Sephora alikodolea macho kioo. Saa sita ilipita. Saa saba ilipita. Barua ya Papa Patrice ilitoka kwenye printa, kurasa mbili kamili, naye akaipunga hewani kama bendera.

Sephora alikuwa amekwisha kukaza skrubu za kifuniko. Asubuhi hiyo alizifungua mwenyewe, akapima ndani mara mbili, akamwandikia Tantine Josée: saba na nusu, ventilo isizidi saba, na tundu zake ziwe nne zinazolingana na za kadi. Hiyo mpya ikifika badala ya ile kubwa, Ricky angerudishiwa yake.

Kisha mama alimshika mkono, wakaenda sokoni. Meza ya Ricky ilikuwa na simu moja tu. Mama alisimama mbele ya muuza samaki, mbele ya Providence na dada zake, mbele ya yule mwanamke mnene.

"Sema," alimwambia Sephora.

Sephora alisema yote, kuanzia skrubu mpaka uongo. Sauti ilimkatika mara mbili, mama hakumsaidia. Alipomaliza, Providence alisogea mbele, macho chini.

"Mimi ndiye niliyesambaza," alisema. "Pardon, Yaya Ricky."

Yule mwanamke mnene alitoa simu kwenye kanga, akaiweka mezani. "Bon, malizia kioo," alisema. "Nusu saa ulisema."

Mama Kabedi alimgeukia Ricky kwanza. "Nakuomba msamaha, mwanangu. Nilikuwa na jina lako mdomoni na sikukuuliza hata neno moja. Lakini na weye usinifiche kosa la mutoto wangu tena. Ungesema siku ile, tungecheka na kumaliza."

"Nimesikia, Mama."

Halafu akamtazama Sephora. "Na weye usikie muzuri. Ulipima kasha kwa nje, ukaandika namba ya ndani. Ulipoona skrubu ngumu, ulipaswa kuniita, si kudanganya. Tena ukampima mutu vilevile: uliona mfuko, uliona koti, ukajaza yaliyobaki kwa kichwa chako. Siku nyingine, kabla ya kuandika namba, fungua kifuniko. Na kabla ya kumpa mutu jina baya, nenda ukamuulize."

"Ndiyo, Mama."

"Twende sasa. Wateja wananingoja, na nina soksi ya kufua."